Kinyume cha Wema ni Nini?

Wanafunzi wengi huuliza: kinyume cha "wema" ni nini? Mwalimu hujibu "ubaya", na somo huendelea. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshi. Hata barabara huwa mbaya. Mtu asiyemtendea mwenzake wema ana maneno yake, na kila neno lina mahali pake.

Tuchukue mfano wa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Miaka mingi baadaye zamu iligeuka: makazi ya wakimbizi ya Lobule, wilayani Koboko, yakapokea maelfu ya Wakongo. Hapo mwenyeji wa leo huenda alikuwa mgeni wa jana.

Basi tuseme mgeni amebisha hodi, ana njaa.

Mwenyeji akimpiga na kumfukuza, huo ni ukatili, yaani kuumiza bila huruma.

Akiwa na chakula akakificha, huo ni uchoyo.

Jirani akitaka kumsaidia mgeni, na mwenyeji akamzuia ingawa yeye hapotezi kitu, hiyo ni roho mbaya.

Neno la nne husahauliwa madarasani. Mwenyeji anampa mgeni chakula na mahali pa kulala, kisha kila siku anamwambia mbele ya watu, "Bila mimi ungekufa njaa." Hayo ni masimango. Kitenzi chake ni kusimanga, na anayesimangwa huonyeshwa ndani ya kitenzi: "Amenisimanga." Huwezi kuyaita uchoyo, kwa kuwa chakula kimetolewa, wala mkono haukuinuliwa. Hata hivyo mgeni hushindwa kumeza tonge. Wema umegeuzwa deni lisilolipika. Ndiyo maana wahenga walisema: Tenda wema nenda zako, usingoje shukrani.

Mwanafunzi anayejua "ubaya" tu atasema, "Alinipa chakula lakini ni mbaya," na msikilizaji atamwona hana shukrani. Akisema, "Alinipa chakula, kisha akanisimanga," hahitaji kueleza zaidi.

Zoezi: Tafuta neno lenye maana ya masimango katika lugha ya kwenu, kisha ueleze linatumika lini. Kama halipo, eleza watu husemaje.