Ziara Fupi za Mwalimu Mkuu Darasani na Uboreshaji wa Ufundishaji

Ziara fupi darasani ni utaratibu ambapo mwalimu mkuu huingia katika kipindi bila taarifa, akakaa dakika chache, kisha akaondoka pasipo kukatiza somo. Utaratibu huu hutofautiana na ukaguzi uliotangazwa mapema, ambao humpa mwalimu nafasi ya kuandaa somo la maonyesho.

Miongoni mwa watetezi wake mashuhuri nchini Marekani ni Kim Marshall, aliyeongoza Shule ya Mather mjini Boston kuanzia 1987 hadi 2002. Kwa mujibu wa Marshall, dakika 10 hivi zinatosha, mradi ziara zirudiwe mara nyingi katika mwaka na kila moja ifuatwe na mazungumzo ya ana kwa ana.

Sharti hilo la mwisho ndilo kiini cha suala. Utafiti wa Grissom, Loeb na Master uliochapishwa mwaka 2013, uliowahusu wakuu wapatao 100 wa shule za mijini nchini humo, ulionyesha kuwa muda uliotumiwa kuwaelekeza na kuwatathmini walimu uliambatana na maendeleo mazuri ya wanafunzi. Kinyume chake, muda wa ziara fupi uliambatana na maendeleo hafifu, hasa katika shule za sekondari.

Kwa hiyo, thamani ya ziara haimo katika kuingia darasani, bali katika yale yanayofuata baada ya mkuu kutoka. Mwalimu asiyeambiwa kilichoonekana hubakia na wasiwasi tu, wala mwanafunzi hafaidiki.