Mama ya Jon Snow ni nani? Kitendawili cha Le Trône de fer kikisomwa kutoka Sakania

Mwaka 1996 Mmarekani George R. R. Martin alitoa buku la kwanza la hadithi yake ya wafalme, mazimwi na baridi kali, ile ambayo wasomaji wa Kifaransa wanaijua kwa jina la Le Trône de fer. Ndani yake mna kijana, Jon Snow, anayelelewa katika nyumba ya bwana Eddard Stark kama mtoto wa nje. Baba anajulikana, ama watu wanadhani anajulikana. Mama hatajwi. Mke wa Eddard aliuliza mara moja tu, akajibiwa kwa ukali kiasi kwamba hakurudia tena.

Wasomaji hawakukubali kunyamazishwa hivyo. Kufika 1997, wakati buku la pili lilikuwa halijatoka, kulikuwa tayari na watu kwenye intaneti walioandika jibu lao kwa herufi tatu: R+L=J. Maana yake, Rhaegar na Lyanna ndio waliozaa Jon. (Anayesoma bado mabuku hayo na hapendi kuambiwa siri, heri aishie hapa.)

Hawakuota jibu hilo. Waliokota vipande. Rhaegar Targaryen alikuwa mtoto wa mfalme, mwenye mke. Lyanna alikuwa dada ya Eddard. Siku ya mashindano makubwa ya farasi, Rhaegar alishinda, akampita mke wake mbele ya watu wote, akampa Lyanna taji la maua ya bluu. Baadaye akatoweka naye, na vita vikawaka. Vita vilipoisha, Eddard alifika na wenzake sita kwenye mnara mmoja wa mbali, akakuta askari watatu wa walinzi wa mfalme, wale bora kabisa. Hapo ndipo wasomaji walikwama na kujiuliza: mfalme amekufa, Rhaegar amekufa, hawa watatu wanalinda nani? Watu kumi walipigana, wawili wakatoka wazima. Ndani ya mnara Lyanna alikuwa anakufa katika damu, akimwomba kaka yake amwahidi jambo fulani. Eddard alirudi nyumbani na mtoto mchanga, akasema: huyu ni wangu.

Sababu ya kusema uongo inaeleweka. Mfalme mpya, Robert Baratheon, ndiye aliyemuua Rhaegar kwa mkono wake mwenyewe, na alitaka uzao wote wa Targaryen uishe. Tena alikuwa rafiki mkubwa wa Eddard. Basi Eddard akachafua jina lake, akavumilia hasira ya mke wake miaka yote, kusudi mtoto wa dada yake aishi.

Swali hilo likiletwa Sakania, linageuka sura. Wilaya hii ya Haut-Katanga, inayopakana na Zambia, ni nchi ya Walamba, watu wanaoishi pande zote mbili za mpaka. Walamba, sawa na jirani zao Wabemba, wanahesabu ukoo kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na kiti cha chifu kwa desturi kinatoka kwa mjomba kwenda kwa ndugu yake au kwa mtoto wa dada, si kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe.

Kwa hesabu hiyo, Jon hana aibu yoyote. Jina la Snow, ambalo katika hadithi wanapewa watoto wa nje wa upande wa Kaskazini, halina kazi. Yeye ni Stark kamili kupitia Lyanna. Zaidi ya hapo, akiwa mtoto wa dada, ndiye angeketi mahali pa Eddard mbele ya Robb, Bran na Rickon. Na hao watatu? Ni wa ukoo wa mama yao, Catelyn Tully. Wangeenda kungojea urithi kwa mjomba wao Edmure, kule Vivesaigues. Nusu ya vita vya Martin ingekosa sababu, na nusu nyingine ingepiganwa na watu tofauti.

Ukipanda zaidi kaskazini, kwa Waluba, kuna masimulizi ya kale yaliyo karibu zaidi na R+L=J. Mwindaji Mbidi Kiluwe alikuja kutoka mashariki, akafika kwa mfalme Nkongolo, akaoa dada zake. Akaenda zake. Mmoja wa dada hao, Bulanda, akazaa Ilunga, ambaye alikulia kwa mjomba wake, akawa hodari wa vita hata akaitwa Kalala. Nkongolo akamwogopa. Akachimbisha shimo, akasimamisha mikuki ndani, akafunika juu, akamwalika mpwa wake aje kucheza ngoma mahali pale. Kalala Ilunga alionywa, akaponyoka, akakimbilia kwa baba yake, na aliporudi na jeshi utawala wa Nkongolo ukaisha.

Masimulizi hayo yana namna nyingi za kusimuliwa, lakini mifupa ni ileile: baba mgeni mwenye damu ya kifalme, dada wa mwenye nyumba, mtoto anayekulia kwa mjomba. Tofauti ni mbili. Nkongolo alimchimbia mpwa wake kaburi, Eddard alimficha wake. Na msikilizaji wa Kiluba anajua baba ni nani tangu mwanzo. Msimuliaji hamfichi, anamfanya angoje kuona mjomba atafanya nini. Martin alificha jina, na kwa kulificha akawapa watu wa nchi zote kazi ya miaka.

Watengenezaji wa seri ya televisheni, David Benioff na D. B. Weiss, wamesimulia kwamba walipoenda kumwomba Martin ruhusa, aliwauliza kwanza: mama ya Jon ni nani? Walijibu vizuri. Seri yenyewe ilionyesha jibu mwezi wa sita 2016. Katika mabuku, hadi leo, hakuna mtu aliyelitamka.

Mpaka wa Sakania unafaa kwa jambo lingine pia. Reli kutoka kusini iliingia Congo kupitia hapa mwaka 1909, kabla ya kufika Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Upande mmoja shule zinasomesha kwa Kifaransa, upande wa pili kwa Kiingereza. Martin ametoa mabuku matano. Wachapishaji wa Kifaransa waliyakata yakawa 15. Msomaji wa Lubumbashi aliyefika buku la sita na yule wa Ndola aliyeanza la tatu wako mahali pamoja, ila wanaweza kubishana nusu saa kabla ya kugundua. Mji mkuu, Port-Réal kwa huyu, ni King's Landing kwa yule.

Kuna siri moja maarufu iliyofunguliwa kwa njia hiyohiyo ya kulinganisha lugha. Buku la sita la Harry Potter, lililotoka 2005, linaisha na barua ya mtu aliyetia sahihi R.A.B. tu. Wasomaji wengi walimdhania Regulus, mdogo wake Sirius Black, lakini walikosa uhakika. Halafu tafsiri zikaanza kutoka. Waholanzi walikuwa wamegeuza jina la ukoo wa Black kuwa Zwarts, na kwao barua ikawa R.A.Z. Kwa Wafini, waliosema Musta, ikawa R.A.M. Herufi ya mwisho ilifuata jina la ukoo, na mjadala ukaisha kabla mwandishi, J. K. Rowling, hajathibitisha mwaka 2007. Kifaransa hakikusaidia, kwa sababu kiliacha Black kama ilivyo. Mtafsiri wa Kiswahili angeandika Mweusi, na siri ingetoka siku ya kwanza.

Wengine walienda mbali kuliko kamusi. Kwa Martin yumo mtu wa ajabu mwenye mikono myeusi ya baridi, asiyepumua, anayempeleka Bran kaskazini ya Ukuta. Wengi waliapa kwamba ni Benjen Stark, mdogo wake Eddard aliyepotea. Baadaye msomaji mmoja akafungua mswada wa buku la tano uliohifadhiwa kwenye maktaba ya chuo kikuu cha Texas A&M. Pembeni mwa ukurasa, mhariri alikuwa ameuliza kama huyo ni Benjen. Martin aliandika jibu la neno moja: hapana. Seri, kwa upande wake, ikamfanya kuwa Benjen hata hivyo. Kosa hilo wapenzi wa mabuku hawajalisamehe.

Buku la tano lilitoka 2011 na kumwacha Jon amechomwa visu na watu wake. La sita bado. Martin alizaliwa 1948, na wasomaji wanajua kuhesabu. Amesema mara kadhaa kwamba hatabadili mwisho kwa sababu tu watu wameugundua, kwani alama alizopanda tangu mwanzo zingekuwa uongo.

Kwa sasa mabishano yamehamia kwa kijana mwingine, anayejitokeza na kusema ni Aegon, mtoto wa Rhaegar kwa mke wake wa ndoa. Watu wote waliamini aliuawa akiwa mchanga, kichwa kikipondwa hata uso usitambulike. Wanaomkubali wanasema ndiyo sababu ilikuwa rahisi kumbadilisha na mtoto mwingine. Wanaomkataa wanakumbusha ndoto ya buku la pili, yenye zimwi la kitambaa linalobebwa juu ya miti huku watu wakishangilia. Kwa desturi ya Westeros, akiwa wa kweli, anatangulia Jon. Kwa Walamba, wawili hawa wasingegombania kiti kimoja, maana mama zao si wa ukoo mmoja. Katika sura chache za buku la sita ambazo Martin ameshazitoa, Arianne Martell, binti wa mjomba wa Aegon huyo, anasafiri kwenda kumwona kwa macho yake. Sura hizo zinakatika kabla hajakutana naye.