Hewa katika mfumo wa mafuta ya dizeli

Hewa katika mfumo wa mafuta ya dizeli ni hitilafu inayotokea pale hewa inapopenya ndani ya mabomba, filta au pampu ya injini ya dizeli. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita "upepo". Dalili zake kuu ni injini kuwaka kwa shida, hasa asubuhi, na kumisi au kuzimika njiani kisha kurudi sawa bila kuguswa. Huonekana zaidi kwenye malori ya zamani, ambayo pampu yake huendeshwa na injini moja kwa moja bila kompyuta. Kwa kuwa dalili huja na kuondoka, na mara nyingi hakuna tone la mafuta linaloonekana kuvuja, lawama huangukia pampu ya nozeli, ambayo ni sehemu ghali sana. Pampu hufunguliwa bure, na kosa hubaki palepale.

## Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Injini ya kwanza ya Rudolf Diesel iliyofanya kazi vizuri ilikamilika mwaka 1897 mjini Augsburg, Ujerumani. Injini ya aina hii haina plagi za cheche. Pistoni hugandamiza hewa hadi ibaki sehemu moja ya 15 hadi 22 ya ujazo wake wa awali. Hewa hiyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500 za selsiasi, na mafuta yakinyunyizwa ndani yake huwaka yenyewe.

Mafuta huvutwa kutoka tangini na pampu ndogo, husukumwa kupitia filta, kisha huingia kwenye pampu ya nozeli. Pampu hiyo hupima kiasi cha mafuta na kukisukuma kwa nguvu hadi kwenye nozeli ya kila silinda. Kampuni ya Bosch ilianza kutengeneza pampu za namna hii kwa wingi mwaka 1927. Nozeli hufunguka shinikizo linapopita bar 100 au zaidi, kulingana na injini.

Madhara ya hewa yanaeleweka kwa jaribio dogo. Jaza maji bomba la sindano lisilo na sindano, ziba mdomo wake kwa kidole, kisha sukuma: mchi hauendi. Likiwa na hewa, mchi huingia kwa urahisi. Ndivyo ilivyo kwenye bomba la nozeli. Kiputo cha hewa kikiwa ndani yake, nguvu ya pampu huishia katika kukibonyeza, shinikizo halifiki kiwango cha kufungua nozeli, na silinda hiyo haiwaki.

## Kwa nini uvujaji hauonekani

Kati ya tangi na pampu ndogo mafuta huvutwa. Shinikizo hapo huwa chini kidogo kuliko la hewa ya nje. Kwa hiyo, penye ufa mdogo, mafuta hayatoki bali hewa huingia. Bomba linaweza kuwa kavu kabisa kwa nje na bado likawa ndilo lenye kosa. Kuanzia pampu ndogo kwenda mbele mafuta husukumwa, na ufa huko huonekana kwa kulowa.

Sehemu za kushukiwa kwanza ni mipira iliyozeeka na kupasuka, klipu zilizolegea, washa za shaba zilizotumika zaidi ya mara moja, pampu ya mkono yenye mpira uliochakaa, na bomba la kuvutia lililotoboka kwa kutu ndani ya tangi. Hili la mwisho lina alama yake: lori huenda vizuri tangi likiwa limejaa, na huanza kumisi mafuta yakishuka chini ya tundu.

## Kusoma dalili

* Lori huwaka kwa shida baada ya kulala, lakini huwaka mara moja likizimwa kwa muda mfupi: mafuta yanarudi tangini usiku na hewa inashika nafasi yake.
* Linazimika baada ya mwendo, na kifuniko cha tangi kikifunguliwa husikika sauti ya kuvuta hewa: tundu la kupumulia la tangi limeziba.
* Linakosa nguvu, linazimika, kisha linawaka baada ya kusubiri: huenda takataka tangini huziba mdomo wa bomba la kuvutia na kuanguka injini ikizimika.
* Linazimika ghafla kama lililozimwa kwa ufunguo: kwenye pampu zenye vali ya umeme ya kukata mafuta, waya wa vali hiyo uangaliwe.
* Linawaka vizuri likiwa baridi na kwa shida likiwa la moto: pampu ya nozeli inaweza kuwa imechakaa. Mafuta ya moto ni mepesi na hupenya ndani ya pampu iliyolika.

Moshi pia husaidia. Injini ikizungushwa bila kutoa moshi wowote, mafuta hayafiki kwenye silinda. Ikitoa moshi mweupe bila kuwaka, mafuta yanafika lakini hayawaki, na hapo huangaliwa plagi za joto kama zipo, mgandamizo wa silinda na majira ya pampu.

## Mpangilio wa uchunguzi

Uchunguzi huanza na kilicho rahisi.

1. Betri na stata. Injini ikizunguka polepole hewa haipati joto la kutosha. Betri ya volti 12 isishuke chini ya volti 9.6 hivi wakati wa kupiga stata.
2. Maji na uchafu. Maji humwagwa chini ya filta, na filta iliyoziba hubadilishwa.
3. Bomba linaloonyesha ndani. Kipande cha mpira angavu hufungwa kwa muda kabla ya pampu ndogo. Viputo vikipita, hewa inaingia upande wa tangi.
4. Jerikani. Jerikani safi ya dizeli hufungwa imara juu kuliko pampu ndogo, mbali na bomba la moshi, na mpira huunganishwa moja kwa moja kwenye pampu hiyo. Kosa likitoweka, liko kati ya tangi na pampu ndogo.
5. Pampu ya nozeli hufunguliwa mwisho, baada ya hatua zote hizi.

## Kutoa upepo

Baada ya matengenezo, hewa iliyobaki hutolewa. Skrubu iliyo juu ya filta hulegezwa na pampu ya mkono husukumwa mpaka mafuta yatoke bila viputo, kisha hukazwa. Hufanywa vivyo hivyo kwenye pampu ya nozeli. Injini ikikataa bado, nati za mabomba ya nozeli hulegezwa kidogo huku stata ikipigwa, na hukazwa mafuta yakishatoka. Lori likihitaji kutolewa upepo tena baada ya siku chache, tundu halijapatikana.

## Tahadhari

Mafuta yanayotoka kwenye nozeli yanaweza kupenya ngozi. Jeraha huonekana dogo kama la sindano, lakini ni la dharura na linahitaji hospitali mara moja. Uvujaji usitafutwe kwa kidole. Nati za nozeli zisilegezwe kabisa kwenye injini za kisasa zinazodhibitiwa kwa kompyuta, ambazo shinikizo lake hupita bar 1,000.

Dawa ya kupuliza ya kuwashia injini isitumike penye plagi za joto, kwa sababu inaweza kulipuka. Vilevile, lori linalozimika ovyo lisipakiwe mzigo kwa safari ya milima. Injini ikizima, kompresa haijazi tena upepo wa breki, usukani unakuwa mzito, na injini haisaidii tena kupunguza mwendo kama dereva alivyotarajia.