Matembezi ya Wadi: Faida kwa Afya na Namna ya Kurudi Salama

Katika safu yetu ya afya leo tunazungumzia jambo ambalo familia nyingi za Waswahili hapa Oman hulifanya kila Ijumaa na Jumamosi baridi ikianza: kubeba sufuria la biriani, mkeka na watoto, na kwenda wadi.

Kabla ya kuendelea, tufahamiane. Wadi tunayoizungumzia hapa si ile ya hospitali. Ni bonde la mto linalopita katikati ya majabali. Lakini ukiipuuza hii ya kwanza, unaweza ukaishia kulala katika ile ya pili.

KWA NINI TUNAHITAJI KUTOKA

Oman haina ziwa la asili kama Victoria au Tanganyika. Ina mabwawa ya maji baridi yaliyojificha ndani ya mabonde, na mazuri kabisa yapo katika sehemu zetu hizi za Sharqiyah. Wadi Bani Khalid ina maji mwaka mzima, minazi hapana lakini mitende tele. Wadi Shab na Wadi Tiwi zipo pwani, kwenye njia ya Sur. Upande wa Dakhiliyah kuna mifereji ya falaji. Falaj Daris ya Nizwa ni mmoja wa mifereji mitano ya Oman iliyoingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006.

Wengi wetu kule nyumbani tulitembea kwa miguu kwenda skuli, sokoni na shamba. Huku tunatoka mlangoni tunaingia garini, tunashuka garini tunaingia kwenye kiyoyozi. Chakula hakijapungua, halua haijapungua, ila miguu imepumzika. Haishangazi kuwa kisukari na presha vinazitembelea nyumba zetu nyingi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano, kunatosha kufikia hapo. Matembezi ya wadi mara moja kwa wiki hayatoshi peke yake, lakini ni mwanzo mzuri. Yanashughulisha moyo na mapafu, yanaimarisha magoti, na yanampa mtu usingizi. Kwa mwenye upweke wa ugenini, kukaa na wenziwe chini ya mtende na kuzungumza Kiswahili siku nzima ni dawa isiyouzwa dukani.

"MIMI MTU WA PWANI, MAJI NAYAJUA"

Hapa ndipo penye khatari, na ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala hii. Wengi wetu tulijifunza kuogelea Forodhani, Mombasa au Wete, kwa hiyo tunajiamini. Lakini maji ya wadi si maji ya bahari. Yanatofautiana kwa mambo matatu:

1. Maji ya chumvi humwelesha mtu zaidi. Maji baridi ya wadi hayakubebi vile. Mtu aliyezoea kupumzika juu ya bahari hujikuta anazama na nguvu zinamwishia mapema.

2. Kina hubadilika ghafla. Unasimama kwenye jiwe, maji yapo magotini. Hatua moja mbele, hakuna chini. Mawe yana ukoga, na mguu ukiteleza umeshaingia.

3. Mahali pa kutokea ni pachache. Wadi Shab, baada ya kuvushwa kwa boti ndogo na kutembea kama dakika 45 au zaidi kwenye mawe, sehemu ya mwisho hupitika kwa kuogelea tu. Mwisho kabisa kuna ufa mwembamba wa kuingilia pangoni, ambao kichwa tu ndicho kinachopita juu ya maji. Ukichoka katikati, pembeni ni ukuta wa jabali.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Kwa hiyo usiruke kichwa mbele hata ukiona wenzako wanaruka, kwani jiwe lililo chini ya maji huvunja shingo. Asiyejua kuogelea avae boya na abaki kwenye maji ya kina kifupi. Mtoto mdogo awe karibu kiasi cha kushikika kwa mkono, na mtu mzima mmoja atajwe kwa jina kuwa ndiye mlinzi wake. Tukisema "sote tunawaangalia", mara nyingi hakuna anayeangalia.

Kina mama, tafadhali msiingie maji ya kina kirefu na abaya au dira. Kitambaa kipana kikirowa huwa kizito na hufunga miguu. Suruali nyepesi na fulana ndefu ya mikono vinasitiri na havikuvuti chini.

MAFURIKO HUJA NA JUA LIKIWAKA

Kule kwetu mvua unaiona inakuja. Huku mvua inaweza kunyesha mlimani, mbali nawe, na hapo ulipo mbingu ni nyeupe. Majabali hayanywi maji kama udongo wa Pemba. Maji yote hukimbilia bondeni kwa pamoja, na wadi iliyokuwa kavu hugeuka mto katika muda mfupi sana.

Hatukusahau Aprili 2024. Huko Samad al Shan, wilaya ya Al Mudhaibi, maji ya wadi yalisomba gari lililobeba wanafunzi, na watoto wakapoteza maisha. Na wakazi wa Sur wanakikumbuka kimbunga Gonu cha Juni 2007.

Dalili za kuzingatia ni hizi: mawingu mazito juu ya milima, maji safi kugeuka ya tope, majani na vijiti kuanza kuelea, na mngurumo kutoka juu ya bonde. Ukiona moja tu, usingoje ya pili. Acha sufuria, acha mkeka, shika watoto na panda juu pembeni. Usikimbie kuelekea chini kwa kufuata bonde, maji yatakufikia.

Ukiwa garini na wadi inapita, simama na usubiri. Maji ya sentimita 30 yanaweza kuiondoa gari ndogo barabarani, na sentimita 60 huondoa gari nyingi, hata zile kubwa. Kuvuka wadi inayopita kwa makusudi ni kosa kwa sheria za Oman. Kabla ya kutoka nyumbani tazama utabiri wa hali ya hewa, na tahadhari ikitolewa, biriani liliwe nyumbani.

JOTO NA WENYE MARADHI

Miezi mizuri ya kutembea ni Oktoba hadi Aprili. Kiangazi, joto la Ibra linaweza kupita nyuzi 45.

Wakati huo watu wengi hukimbilia Ashkhara, ambako pepo ni za baridi. Upepo huo ni kusi, ule ule unaoujua kutoka nyumbani, uliokuwa ukirejesha majahazi kutoka Unguja hadi Sur. Ukifika pwani hii husukuma maji ya juu kuelekea bahari kuu, na maji baridi hupanda kutoka chini. Ndiyo maana Ashkhara kuna ubaridi wakati Ibra inaungua. Lakini kusi hilo hilo huchafua bahari, hasa Juni hadi Septemba, na mikondo huvuta watu. Msimu huo tembea mchangani, usiogelee.

Mwenye kisukari asitembee pekupeku hata kidogo. Ganzi ya miguu humfanya asihisi kidonda, na mawe yenye jua huunguza. Abebe tende au juisi kwa ajili ya sukari kushuka. Insulini isiachwe garini. Iwekwe ndani ya kisanduku cha baridi, lakini isigusane na barafu.

Anayetumia vidonge vya presha, hasa vile vya kukojoza, hupoteza maji haraka zaidi. Amuulize daktari wake mapema anywe maji kiasi gani, na vile vile mwenye maradhi ya moyo au figo. Wengine, bebeni chupa mbili za lita moja na nusu kwa kila mtu mzima, na mnywe kabla ya kuhisi kiu. Maji ya wadi si ya kunywa.

Kichwa kikiuma, kizunguzungu na jasho jingi: mweke mgonjwa kivulini, mpe maji kidogo kidogo. Akianza kusema maneno yasiyoeleweka au kupoteza fahamu, hiyo ni dharura. Mmwagie maji mwilini, mpepee, usimnyweshe kitu, na piga simu 9999.

MTU AKIZAMA

Wengi hufa kwa kumfuata aliyezama. Usiruke. Mtupie kamba, mnyooshee fimbo, au mrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko ashikilie. Akishatolewa, usimning'inize kichwa chini wala usimkandamize tumbo ili atapike maji. Huko ni kupoteza muda. Kama hapumui, mpe pumzi mdomo kwa mdomo mara mbili, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30, rudia hivyo hivyo, na mwingine apige 9999. Kumbuka kuwa ndani ya mabonde simu mara nyingi haishiki, kwa hiyo mwacheni mtu nyumbani anayejua mmekwenda wapi na mtarudi saa ngapi.

KWA KUMALIZIA

Hatuandiki haya ili watu wajifungie ndani. Kukaa ndani nako kunaua, ila pole pole. Kama hujazoea, anza Wadi Bani Khalid, kwenye njia iliyotengenezwa na vivuli, na uache Wadi Shab kwa siku ambayo miguu na pumzi vimezoea. Nenda asubuhi mapema, rudi jua lingali juu, na chukua takataka zako zote, kwani mabonde hayo yana wenyewe na wanaishi humo.

Tahadhari kabla ya hatari. Tunawatakia matembezi mema, na mrudi nyote, idadi ile ile mliyoondoka nayo.