Ruwaza za usanifu wa programu: kweli au si kweli?

Kama unaandika programu za kiobjekti, madai haya umeshayasikia. Tuyapime kwa kazi inayojulikana Masasi na Newala: programu ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) inayopima korosho na kumlipa mkulima baada ya mnada, katika mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza Mtwara msimu wa 2007/2008.

"Msanifu hodari hutumia ruwaza zote 23."
Si kweli. Idadi hiyo ni ya kitabu cha 1994 cha Gamma, Helm, Johnson na Vlissides, na humo kila ruwaza imeandikwa pamoja na tatizo inalotatua na gharama yake. Pasipo tatizo hilo, utabaki na gharama tupu.

"Ruwaza hurefusha msimbo bure."
Si kweli, mradi kuna kinachobadilika. Tazama makato: ushuru wa halmashauri hukatwa kwa asilimia ya bei, usafirishaji kwa kilo. Ukitumia ruwaza ya Mkakati, kila kato linakuwa na klasi yake, na programu inaliuliza swali moja tu: kwa kilo hizi na bei hii, unakata kiasi gani? Kato likibadilika, unagusa klasi moja.

"Singletoni haina madhara."
Si kweli. Tuseme kwa Singletoni umeufanya Mnada kuwa objekti moja tu katika programu nzima, kwa sababu AMCOS za Newala ziko chini ya chama kikuu kimoja cha ushirika, TANECU. Siku utakapohudumia pia za Masasi, zilizo chini ya chama kikuu kingine, MAMCU, utabomoa nusu ya kazi yako. Gamma mwenyewe alisema mwaka 2009 kwamba angeiondoa Singletoni kwenye orodha.

"Unganisha objekti kabla ya kurithisha klasi."
Kweli, na wakongwe waliosema hivyo wasikilizwe. Ukirithisha Stakabadhi kwa kila daraja la korosho, kisha kwa kila ghala, klasi zitazaana bila kikomo. Daraja na ghala viwe objekti ndani ya stakabadhi.

"Ruwaza huandikwa vilevile katika kila lugha."
Si kweli. Mwaka 1996 Peter Norvig alionyesha kuwa ruwaza 16 kati ya 23 hurahisika au hutoweka katika lugha kama Lisp na Dylan. Katika Python, Mkakati unaweza kuwa funksheni moja tu.

Basi kabla ya kuchukua ruwaza yoyote, andika sentensi moja: nini kitabadilika msimu ujao? Ukikosa jibu, andika msimbo wa kawaida.