Dampa ya Usukani kwa Dereva Mpya wa Milepa

Kijana anayejifunza pikipiki Milepa, bondeni mwa Ziwa Rukwa, hakawii kukutana na usukani unaotikisika. Yuko kwenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa, barabara ya changarawe imenyooka, ameachia mkono mmoja aweke sawa helmeti, mara usukani unaanza kucheza kushoto na kulia kwa kasi asiyoweza kuihesabu. Akifika penye mtandao atatafuta dawa kwenye simu, na video za waendesha pikipiki za mashindano zitamwonyesha kifaa kiitwacho dampa ya usukani. Je, anunue? Jibu langu ni hapana. Lakini swali lake ni zuri, na anastahili kupewa sababu, kwa kuwa ndani ya sababu hizo mna karibu kila kitu anachopaswa kukijua kuhusu gurudumu la mbele.

Dampa ni silinda ndogo yenye mafuta na pistoni. Upande mmoja hufungwa kwenye fremu, ambayo haigeuki, na upande wa pili hufungwa kwenye sehemu inayogeuka pamoja na usukani. Pistoni ikisogea, mafuta hulazimika kupenya kwenye tundu jembamba. Ukigeuza usukani taratibu yanapita bila kubisha. Usukani ukirushwa ghafla, mafuta yanagoma na kumeza ile nguvu. Wazo lenyewe ni la zamani. Pikipiki za Kiingereza na BMW za Kijerumani za enzi zile zilikuwa na kitufe kikubwa juu ya shingo, dereva akakikaza kwa mkono ili msuguano uuzuie usukani, hasa alipofunga kigari cha abiria ubavuni.

Sasa tuangalie kinachotikisika. Gurudumu la mbele limeundwa lijinyooshe lenyewe. Ukivuta mstari unaofuata mlalo wa shingo ya pikipiki hadi chini, utagusa ardhi sentimita kadhaa mbele ya pale tairi linapokanyaga. Maana yake tairi linaburutwa nyuma ya mhimili wake wa kugeukia, kama vigurudumu vya kitanda cha hospitali vinavyojigeuza vyenyewe kufuata kitanda kinakosukumiwa. Hiyo ndiyo inayoifanya pikipiki iliyo katika mwendo inyooke hata mikono ikilegea. Ila nguvu ile ile inayolirudisha gurudumu katikati ndiyo inayolipitiliza upande wa pili, kisha linarudi tena. Viungo vikiwa vimekaa sawasawa, mchezo huo hufa papo hapo na dereva hata hajui kama ulikuwepo. Kiungo kimoja kikiwa na nafasi, mchezo haufi. Mwendo unaulisha, nao unakua.

Mwaka 1971 Robin Sharp, mhandisi wa Uingereza, alichapisha hesabu zilizotenganisha tabia za pikipiki inayokwenda bila kushikwa kwa nguvu. Mbili kati ya hizo zinatuhusu. Ya kwanza ni mtikisiko wa usukani: gurudumu la mbele na usukani hucheza mara 6 hadi 10 kwa sekunde, huku mwili wa pikipiki ukitulia kiasi. Ya pili ni kuyumba: pikipiki nzima, mkia kwa kichwa, hupepesuka polepole zaidi, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na huja katika mwendo mkubwa. Hesabu za Sharp zilionyesha jambo ambalo wauzaji wa vifaa hawalitaji sana: dampa inayotuliza mtikisiko wa usukani inaweza kuzidisha kuyumba. Ukiukaza usukani kupita kiasi, unaliondoa tatizo kwenye mikono na kuligawa kwa pikipiki nzima.

Zipo pikipiki zinazoihitaji kweli. Mwaka 1997 Suzuki walitoa TL1000S, pikipiki ya silinda mbili yenye nguvu ya farasi takriban 125. Ilikuwa na tabia ya kurusha usukani kwa ukali hata kampuni ikalazimika kuziita pikipiki zilizokwisha kuuzwa ili zifungwe dampa. Sababu inaeleweka: injini yenye nguvu namna hiyo, dereva akivuta mafuta mengi, hulinyanyua gurudumu la mbele likawa linagusa ardhi kwa ncha tu, likitua likiwa limepinda kidogo, hujirudi kwa fujo. Mwaka 2004 Honda nao waliiwekea CBR1000RR dampa ya kielektroniki iliyo laini kwenye mwendo mdogo na inayokaza mwendo unapopanda. Nawaomba madereva wapya watafakari hapo. Hata watengenezaji wenye maabara na viwanja vya mashindano waliona kwamba kwenye mwendo wa polepole usukani lazima uachwe huru.

Boxer ya cc 150, ambayo ni pikipiki ya kazi inayotumika sana Tanzania, ina nguvu za farasi takriban 12. Haiwezi kulinyanyua gurudumu la mbele kwa nguvu za injini pekee, labda dereva afanye makusudi. Kwa hiyo ikitikisa usukani, chanzo si kile cha TL1000S. Kipo kingine, na mara nyingi ni kimoja kati ya viwili: mzigo au ubovu.

Nianze na mzigo, kwa sababu bonde letu ni la mpunga. Tuchukue gunia la kilo 100 lililofungwa kwenye keria, katikati yake ikawa sentimita 30 nyuma ya ekseli ya nyuma. Umbali kati ya ekseli mbili za pikipiki za aina hii ni kama sentimita 130. Gunia hilo halikandamizi nyuma tu. Linafanya kazi ya mtaimbo, ekseli ya nyuma ikiwa ndiyo egemeo, na linapunguza uzito wa gurudumu la mbele kwa kilo 23. Pikipiki ya kilo 120 na dereva wa kilo 65 huliwekea gurudumu la mbele kilo 80 na kitu. Baada ya gunia zinabaki 60. Kabla ya mzigo gurudumu hilo lilikuwa limebeba zaidi ya asilimia 40 ya uzito wote, sasa linabeba kama asilimia 20. Na hapo bado hujampakia mwenye mpunga, naye hukaa juu ya gunia au nyuma yake.

Halafu kuna mwinuko. Sumbawanga iko zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Ziwa Rukwa liko kwenye takriban mita 800. Anayepandisha mzigo kutoka Muze, chini bondeni, kwenda Ntendo, juu, anaupanda ukuta wa Lyambalyamfipa, na kila mwinuko unaoinua pua ya pikipiki huhamishia uzito nyuma. Usukani unakuwa mwepesi, unapokea kila jiwe, na dereva mpya hudhani kuna kitu kimelegea. Hakuna kilicholegea. Gunia linatakiwa kusogezwa mbele hadi liguse mgongo wa dereva, au lipunguzwe, au ligawanywe pande mbili likae chini karibu na ekseli. Dampa haiwezi kulirudishia gurudumu la mbele hata kilo moja kati ya zile 23.

Ubovu una mahali unapopenda kukaa, napo ni shingoni. Ndani ya shingo ya pikipiki mna koni mbili, juu na chini, na gololi zinazozunguka katikati yake. Changarawe yenye mawimbi huzigonga siku nzima, vumbi la kiangazi huingia, maji ya vijito vinavyoshuka kutoka mlimani huosha grisi wakati wa masika. Zikilika, usukani unapata nafasi, na nafasi hiyo ndiyo chakula cha mtikisiko. Hapa ndipo pana kosa ninalotamani mafundi waliache. Dereva akilalamika kwamba usukani unatetemeka, fundi huchukua spana na kuikaza nati ya shingo hadi usukani uwe mgumu. Mtetemo unapungua kweli, dereva analipa na kuondoka akiwa ameridhika. Kumbe amefungiwa dampa ya kienyeji, tena mbaya kuliko ya dukani. Msuguano wake hauchagui kati ya kugeuza taratibu na kurushwa ghafla, na gololi zilizobanwa huchimba vishimo kwenye koni. Baada ya muda usukani unanasa katikati. Kuanzia hapo pikipiki haiendi mstari ulionyooka kwenye mwendo wa polepole. Inajikokota kushoto, dereva anairudisha, inapitiliza kulia.

Dereva mpya ndiye anayeumizwa zaidi na usukani mgumu, na sababu yake ni jinsi pikipiki inavyosimama wima. Chini ya mwendo wa kilomita 15 kwa saa gurudumu halina mwendo wa kutosha kujinyoosha. Dereva ndiye anayeizuia isianguke, kwa kuugeuza usukani kidogo kidogo kuelekea upande inakoinamia, mara nyingi bila kujua kwamba anafanya hivyo. Mchanga wa bondeni, tope jeusi la masika, msongamano wa siku ya mnada: kote huko anahitaji usukani unaoitikia ncha za vidole. Mzoefu anaweza kushindana na usukani uliokazwa. Anayejifunza ataweka mguu chini, na mzigo ukiwa mkubwa mguu huo hautazuia kitu.

Kuikagua shingo hakuhitaji karakana. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, mwenzako akandamize nyuma ili gurudumu la mbele lining'inie. Shika shokapu zote mbili kwa chini, vuta na kusukuma. Ukisikia kugonga, hata kidogo, koni zimelegea au zimelika. Kisha uguse usukani kwa kidole kimoja ukiwa katikati: unapaswa kuanguka wenyewe hadi mwisho, kushoto na kulia, bila kukwama. Ukinasa katikati, koni zimechimbika. Kukaza hakutasaidia, zinabadilishwa seti nzima. Nenda nyuma, shika tairi ulitikise ubavuni usikie kama bushi za swingi zina nafasi, maana mkia unaocheza huutikisa usukani na lawama ikaenda mbele. Alama za kurekebishia cheni zilingane pande zote mbili. Zungusha ringi ukiiangalia kama inapepesuka, gonga spoku moja moja usikilize iliyolegea. Mwisho tairi la mbele. Wengi huliacha lichakae hadi liwe upara wakisema la nyuma ndilo linalofanya kazi, na upepo wake hupimwa kwa kubonyeza na kidole gumba. Upepo pungufu mbele ni miongoni mwa vyanzo vikubwa vya mtikisiko, na kuumaliza ni kazi ya dakika mbili kwa mwenye pampu na kipimo.

Ikitokea usukani umeanza kucheza ukiwa barabarani, mwili utakutuma ufanye mambo mawili, nayo yote ni mabaya: kuubana usukani kwa nguvu zote na kukamata breki ya mbele. Mikono iliyokakamaa huwa sehemu ya mtikisiko, inaurudishia nguvu badala ya kuimeza. Breki ya mbele huliongezea gurudumu mzigo ghafla likiwa limepinda. Bana tangi kwa magoti, inamia mbele ili uzito wako ulielemee gurudumu la mbele, shika usukani kwa mikono laini, rudisha mafuta kidogo kidogo. Mwendo ukishuka, chakula cha mtikisiko kinakwisha. Jambo hili lifundishwe kabla ya siku ya kubeba abiria wa kwanza, pamoja na kuvaa helmeti iliyofungwa kamba.

Wapo waendeshaji ambao siwezi kuwakataza dampa. Washindani wa Dakar Rally huzifunga kwa sababu hupita kwenye mchanga mzito na mawe yaliyofichika kwa mwendo ambao bonde la Rukwa haliuruhusu. Mtu mwenye pikipiki kubwa ya michezo anayekimbia kwenye lami ya Tunduma hadi Sumbawanga naye ana hoja, mradi shingo yake imekaguliwa kwanza, kwa kuwa dampa juu ya koni mbovu humfichia habari ambayo angepaswa kuipata mapema.

Kwa kijana wa Milepa kikwazo kiko mahali pengine. Vijana wengi kama yeye huendesha pikipiki zisizo zao. Ziko kwenye mkataba: kila siku dereva anapeleka hesabu kwa tajiri, yaani mwenye pikipiki, hadi deni liishe. Kwa mazoea, oili na pancha ni za dereva, na injini ikifa ni mazungumzo na tajiri. Koni, bushi za swingi na tairi la mbele haziko upande wowote, kwa hiyo kila mmoja anamsubiri mwenzake, na fundi anaitwa akaze nati. Ningewashauri wote wawili waviandike vitu hivyo vitatu kwenye karatasi ya mkataba kabla funguo hazijakabidhiwa: nani analipia, na vikaguliwe lini. Mara mbili kwa mwaka inatosha kuanzia, mvua zinapokatika na kabla hazijarudi.