Virusi Vinavyofunga Chemchemi ya Damu

Mtu akisimama katikati ya mji wa Morogoro na kuinua macho yake kusini, ataiona milima ya Uluguru, mara nyingi ikiwa imejifunika wingu. Kutoka huko hushuka kabeji na njegere za Mgeta, hushuka ndizi za Kinole, na zaidi ya yote hushuka maji. Mto Ngerengere unaolijaza bwawa la Mindu unaanzia huko, na mito mingine ya milima hiyo huingia Ruvu, ikanywewa hata Dar es Salaam. Nimeanza na maji kwa sababu juma hili nataka tuzungumze juu ya damu, na sijapata mfano ulio karibu zaidi.

Damu nayo ina chemchemi yake. Chemchemi hiyo ni uboho, yaani ule ute laini wa ndani ya mifupa, ambao wapenzi wa supu ya asubuhi hugonga mfupa mezani ili wautoe. Katika uboho ndimo zinamotengenezwa chembechembe nyekundu zinazobeba hewa safi mwilini, chembechembe nyeupe zinazopigana na maradhi, na zile ndogo kabisa zinazogandisha damu mtu anapojikata. Chembechembe nyekundu peke yake hutoka zaidi ya milioni mbili kila sekunde. Kila moja huishi siku zipatazo 120, kisha huchakaa na kuondolewa, na nyingine huchukua nafasi yake.

Virusi vya aina nyingi huweza kuugusa uboho. Virusi vya dengue, vilivyousumbua mji wa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huupunguzia kasi kwa siku chache. Virusi vya UKIMWI huudhoofisha kwa muda mrefu, na ndiyo sababu mojawapo ya wagonjwa wengi kuishiwa damu. Lakini wapo virusi ambavyo kazi yao hasa ni kuifunga chemchemi ya chembechembe nyekundu. Wataalamu huviita parvovirusi B19. Viligunduliwa London na Yvonne Cossart na wenzake, waliotangaza habari zao mwaka 1975. Walikuwa wakitafuta virusi vya homa ya ini, wakakutana na kitu kigeni katika sampuli namba 19 ya kundi B. Jina likabaki hilo hilo.

Virusi hivi huambukizwa kama mafua, kwa kukohoa na kupiga chafya, na watoto wa shule hupeana kwa wingi. Mtoto hupata homa kidogo, pengine na vipele. Watoto wa Kizungu mashavu huwaiva kama waliopigwa makofi, lakini katika ngozi nyeusi dalili hiyo haionekani kwa urahisi. Huku nyuma, virusi vimekwisha kuingia ndani ya uboho, vikazishika chembe changa zilizo karibu kuwa chembechembe nyekundu, vikazaliana ndani yake na kuziua. Kwa siku saba hadi kumi hivi, uboho hautoi chembechembe nyekundu. Hali hii humpata mtu mwenye afya njema kama inavyompata mgonjwa.

Sasa mbona wengi wetu hatujui hata kwamba tulipata kuugua? Jibu liko Mindu. Vijito vya milimani vikikauka siku kumi wakati bwawa limejaa, mjini hakuna atakayeshtuka. Mtu mwenye afya anapoteza sehemu moja tu ya kumi na mbili ya chembechembe zake katika siku hizo. Kama damu yake ilikuwa 12, itashuka kufika 11, naye ataendelea na shughuli zake.

Lakini yupo asiye na bwawa, anayeishi kwa ndoo ya kila siku. Huyo ni mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu. Chembechembe zake hujikunja kama mundu, na haziishi siku 120. Huishi siku 10 hadi 20 tu. Uboho wake hufanya kazi usiku na mchana ili kumweka kwenye damu saba au nane. Chemchemi ikifungwa siku kumi, hesabu yake ni ya kutisha: damu nane inaweza kushuka hadi tatu, na moyo ukashindwa. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa na selimundu kila mwaka nchini mwetu.

Hapa ndipo penye hatari kwa mzazi. Mtoto huyu haanzi kwa kulia maumivu ya mifupa, ambayo mama ameyazoea. Anakuwa kimya. Anachoka, anapauka midomo na viganja, anapumua haraka, moyo unamwenda mbio. Macho hayaongezeki umanjano na bandama haivimbi, hivyo wengi hudhani ni malaria ya kawaida. Malaria ipimwe, naam, lakini mzazi aulize pia: damu yake ni ngapi? Katika maabara yenye uwezo, mpimaji huhesabu chembe changa zilizotoka kwenye uboho. Kwa kawaida mtoto wa selimundu anazo nyingi. Akizikosa kabisa, basi chemchemi imefungwa.

Nimesikia watu wakishauri rozela, matembele na vidonge vya kuongeza damu. Ni chakula kizuri na dawa nzuri siku nyingine, lakini ukipeleka saruji mahali ambapo mafundi hawapo, nyumba haijengwi. Virusi hivi havina chanjo wala dawa ya kuviua. Tiba ni kumwongezea mtoto damu ili avuke siku zile, na damu hiyo haitengenezwi kiwandani. Hutoka katika mkono wa mtu, nayo huhifadhiwa kwenye jokofu siku zipatazo 35 tu. Mtoto anayeteremshwa kutoka Kolero wakati wa masika, barabara ikiwa tope tupu, hana muda wa kusubiri ndugu watafutwe.

Mgonjwa huyu asilazwe karibu na mama mjamzito, kwani virusi vinaweza kumfikia mtoto aliye tumboni na kumkausha damu. Mwenye kinga dhaifu naye anaweza kukaa navyo miezi mingi.

Kwa kawaida uboho huzinduka wenyewe, na aliyekwisha kuugua haelekei kuugua tena. Lakini kama nyumbani kuna mdogo wake mwenye selimundu, waliyelala naye kitanda kimoja, huyo apelekwe kupimwa damu mapema na aangaliwe kwa majuma mawili, hata kama bado anacheza.